Wilaya Iliyohesabiwa kwa Vigoda

Zamani, si za kale sana maana makovu yake bado yanawasha mvua ikikaribia, palikuwa na nchi iliyotawaliwa na Malkia. Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. Naogopa kidogo tu, kama mtu yeyote mwenye akili timamu na nyumba yenye mlango mmoja.

Malkia huyo alikuwa katika mwaka wa thelathini na nane wa kukaa. Hakuwa akifanya jingine. Alikaa, na kukaa kwake kukaitwa enzi. Picha yake ilining'inia katika kila ofisi, na katika kila picha alikuwa na umri uleule, kwa sababu umri wa Malkia ulikatazwa kuhesabiwa kwa mujibu wa sheria. Umri wa watu wengine wote ulikuwa lazima uhesabiwe kila baada ya miaka kumi, na kila mmoja aandikwe kama ni mume au mke, ili nchi ijijue. Katika miaka ile nchi ilipata njaa mbili na tauni moja, lakini ilikuwa inajijua vizuri sana.

Kazi ya kujijua ilikuwa ya Ofisi ya Watu. Mkuu wake aliitwa Mwenye Daftari, mzee mnene, mpole, asiyemjua mtu hata mmoja ila aliyependa maumbo. Kwenye ukuta wa ukumbi wake kila wilaya ilichorwa kama kichuguu. Chini kabisa ulilala mstari mrefu, watoto wachanga. Juu yao waliowazidi kidogo, mstari mfupi zaidi, na hivyo hivyo hadi kileleni, ambako palikaa kizee kimoja au viwili vya miaka tisini, vikichungulia. Kushoto wanaume, kulia wanawake. Wilaya njema ilikuwa kichuguu kilichosimama wima, mashavu sawa kwa sawa. Wageni wakija kutoka nchi za kigeni waliletwa pale wakanyweshwa chai, wakaonyeshwa mashavu.

Wilaya ya Mpingoni ndiyo iliyoleta aibu. Iko bara huko, mahali ambapo barabara hufika ikiwa imechoka. Kichuguu chake kulia kilikuwa kizuri kabisa: wanawake wa kati ya miaka kumi na mitano na hamsini, mia nne na thelathini. Kushoto, umri ule ule, wanaume thelathini na wanane, na miongoni mwao wanne hawakuwa na akili na mmoja alikuwa Akida. Lilikuwa pengo kubwa, kana kwamba mtu ameuma mkate akaondoka zake.

"Nani kaiuma wilaya hii?" aliuliza Mwenye Daftari.

Naibu wake alikohoa. Kila mtu katika ofisi alijua kwamba kwa miaka tisa Ofisi ya Reli ilikuwa ikichukua wanaume wa Mpingoni kwenda kujenga njia ya reli ya Malkia. Lakini Ofisi ya Reli ilikuwa ng'ambo ya pili ya barabara, na barua ya kuvuka barabara ile ilihitaji sahihi saba, na mwenye sahihi ya saba alikuwa amefariki na nafasi yake haijajazwa, kwa kuwa barua ya kuijaza nayo ilihitaji sahihi saba.

"Ni makosa ya kuhesabu," alisema naibu.

"Nilijua," alisema Mwenye Daftari, akapanda juu ya kiti ili ahutubie, ingawa chumbani walikuwa wawili tu. "Taifa ni umbo. Mtu mmoja mmoja huja na kuondoka, hilo ni jambo lake na la wazazi wake. Umbo hubaki. Nendeni Mpingoni mkawatafute wanaume wale. Mtu hawezi kukosekana bila kibali."

*

Aliyepelekwa ni Karani Songoro, mtu mwembamba aliyelelewa na wino. Alifika Mpingoni na punda wawili: mmoja amebeba majedwali, mwingine amebeba Karani. Akapiga mbiu watu wakusanyike uwanjani. Wakaja. Akaanza kunyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Alipoinua macho kumtafuta wa nne, uwanja ulikuwa mtupu, vumbi linaning'inia, na kuku mmoja aliyechelewa kuelewa.

Mpingoni watu hawahesabiwi, bwana. Kuku huhesabiwa, mahindi huhesabiwa, siku za mvua huhesabiwa. Ukimnyooshea mtu kidole ukamtaja namba, umemwonyesha kifo pa kuanzia. Mama wa huko ukimuuliza ana watoto wangapi atakujibu, "Wanatosha."

Jioni Karani alikaa kwenye kibaraza cha nyumba aliyopangiwa, uso umemshuka kama kofia iliyonyeshewa. Nyumba ile ilikuwa ya Siwema, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Mumewe Chilongo alichukuliwa na Reli miaka tisa nyuma. Mwanawe wa pekee, Matola, miaka minne nyuma, siku tano baada ya kuota ndevu. Siwema aliishi na mama mkwe wake, Bibi Nanjota, ambaye meno yalimwisha lakini ulimi haukuwa na habari hiyo.

"Shikamoo bibi," alisema Karani.

"Marahaba, baba. Mbona umekaa kama umefiwa na punda?"

"Nitawahesabu vipi watu wanaokimbia?"

"Kwani kwenu hamna vigoda?"

Ndipo Karani akafahamishwa. Mpingoni kila mtoto akizaliwa huchongewa kigoda chake. Cha mwanamume kina miguu mitatu, cha mwanamke minne. Hukikalia maisha yake yote, na mwingine hakikalii. Asipokuwepo, kigoda husimama ukutani kikimngoja, hata akisafiri miaka ishirini. Siku anapokufa, na ikajulikana kwa yakini kwamba amekufa, kigoda hupinduliwa, miguu juu, kikawekwa juu ya kaburi. Kumpindulia mtu kigoda angali hai ndiyo dhambi kubwa kuliko zote kule. Huyo hata akirudi na miguu yake hana kwao tena. Hatapewa hata maji, maana maiti hapewi maji.

"Kwa hiyo ukitaka kujua nyumba ina nani," alisema Bibi Nanjota, "tazama ukutani. Kigoda hakikimbii."

Karani Songoro aliona mbingu zimefunguka. Kitu kilichokaa mahali pamoja, kisichosema uongo, kisichokwenda haja, na kilichojigawa chenyewe kuwa mume na mke! Tangu ofisi ianzishwe haijapata raia wa namna ile. Kesho yake alianza kupita nyumba kwa nyumba. Miguu mitatu, mume. Miguu minne, mke. Umri aliupima kwa kalio: kigoda kisichobonyea, miaka ishirini, kilichong'aa na kubonyea, arobaini, kilichopasuka, sitini na kuendelea. Kigoda cha Bibi Nanjota alikiandikia sitini.

"Na ile mingine?" aliuliza bibi.

"Mingine ipi?"

"Miaka yangu mingine. Niipeleke wapi?"

"Jedwali linaishia hapo kwa mwanamke asiye na cheo, bibi."

Kwa Siwema aliandika: wake wawili, waume wawili. Siwema alikuwa akikipaka mafuta kigoda cha Chilongo, kama alivyofanya kila mwezi mwandamo. Alimtazama Karani anavyoandika.

"Hawa hawapo," alisema.

"Vigoda vipo?"

"Vipo. Wenyewe hawapo. Mmewachukua ninyi."

"Sisi ni Ofisi ya Watu, mama. Waliowachukua ni Reli." Akapuliza wino ukauke. "Wewe mwenyewe unasema wamekufa?"

"Sijasema hivyo."

"Basi wapo."

Siwema aliendelea kupaka mafuta. Ukweli ni kwamba kwa miaka tisa hakuwahi kutamka neno lolote kati ya yale mawili, "yupo" wala "hayupo". Alikuwa ameliacha jambo lisimame ukutani, na yeye akafagia kulizunguka.

*

Kichuguu kipya cha Mpingoni kilipofika mjini Mwenye Daftari alilia. Wanaume wa kati ya miaka kumi na mitano na hamsini walikuwa mia nne na kumi na mmoja. Shavu limejaa, limeng'aa. Picha ikatiwa fremu ikatundikwa mlangoni kabisa, mkabala wa barabara, ili hata mpita njia aone jinsi Mpingoni ilivyopona. Akida wa Mpingoni akapewa nishani ya Uzazi Bora wa Wilaya.

Sasa, mpita njia wa kwanza alikuwa Mkuu wa Reli.

Barua haikuweza kuvuka barabara, ila macho hayahitaji sahihi. Mkuu wa Reli alisimama akaitazama picha ile mpaka chai yake ikapoa ng'ambo ya pili. Wanaume mia nne na kumi na mmoja, wenye nguvu, wamekaa tu Mpingoni, na vitabu vyake vinasema wilaya ile ilikwisha kutoa wote! Alijiona ameibiwa. Siku ya pili amri ilitoka: kila nyumba ya Mpingoni yenye mwanamume katika picha itoe mtu mmoja. Nyumba mia mbili na tatu, watu mia mbili na watatu. Siku saba. Nyumba itakayoficha mtu itaezuliwa paa, na mvua zilikuwa wiki mbili mbele.

Akida wa Mpingoni aliitwa Mashombo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amri, na amri zilipokosekana alilala. Alifika kwa Siwema na nishani yake kifuani.

"Mama Matola, nimekuja kuchukua mmoja. Chagua mwenyewe, sitaki lawama. Chilongo au Matola?"

"Bwana Akida, uliwachukua mwenyewe. Ulimfunga Chilongo kamba na mkono wako ulikuwa unatetemeka."

"Nakumbuka. Nilikuwa na homa." Alikaa chini, kwa kuwa hakuwa na kigoda pale. "Lakini wale wamo katika kitabu cha Reli. Hawa wamo katika kitabu cha Watu. Vitabu viwili, Mama Matola. Mimi nimeagizwa wa kitabu hiki."

"Ni watu walewale."

"Mimi na wewe tunajua. Vitabu havijui, na mimi naulizwa na vitabu." Akashusha sauti. "Ipo njia. Pindua vigoda. Pindua vyote viwili, mimi nitaandika marehemu, mambo yakaisha. Ila fanya upesi, maana Waraka wa Kumi na Nne unaruhusu wilaya vifo kumi na viwili tu vya wanaume wenye nguvu kwa mwaka. Vikizidi vinaharibu umbo. Kumi na kimoja vimeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na shemeji zangu."

Bibi Nanjota alicheka mpaka akashika mbavu. Siwema alivitazama vigoda ukutani. Kimoja kinang'aa, kimebonyea. Kingine bado kina alama za patasi. Mwenyewe hakukikalia kiasi cha kukilainisha.

"Nafasi imebaki ya mmoja," alisema Akida, kwa upole kabisa. "Nimekuwekea wewe kwa sababu tumekua pamoja."

"Nikipindua cha Chilongo, naye yu hai?"

"Miaka tisa, Mama Matola."

"Nimekuuliza kama yu hai."

"Hilo swali ni la Reli," alisema Akida Mashombo.

"Basi mwambie aliyekutuma sipindui. Kwangu hakuna aliyekufa mpaka aje mtu aniambie."

Nafasi ile ya kumi na mbili akapewa shemeji mwingine. Huyo alikuwa hai kabisa, alikuwa anakaanga mihogo njia panda, na toka siku hiyo aliendelea kukaanga kama marehemu.

*

Siku ya sita wanawake wa Mpingoni walikaa uwanjani bila kuitana. Hawakulia. Kulia kulikuwa na wakati wake na wakati huo ulishapita miaka kadhaa. Walikaa kama watu wanaongoja ugali uive.

Bibi Nanjota ndiye aliyesema. "Hivi, Karani alihesabu nini?"

"Vigoda," walijibu.

"Na Akida anadai nini?"

"Walichohesabu."

"Sasa mnasumbuka nini? Mtu akija kudai kuku wake, unampa mbuzi? Wamehesabu vigoda, wapelekeeni vigoda."

"Na vitakwendaje, mama?" aliuliza Siwema. "Kigoda hakitembei."

"Ndiyo maana Mungu alikupa kichwa, mkwe wangu. Kibebe."

Asubuhi ya saba Akida Mashombo alitoka nje akakuta uwanjani wanawake mia mbili na watatu wamepanga mstari, kila mmoja na kigoda cha miguu mitatu kichwani. Karani Songoro, aliyekuwa ameachwa wilayani ili athibitishe, alifungua jedwali.

"Chilongo mwana wa Ligola," aliita.

"Yupo," alisema Siwema.

Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kumtoka. Karani alimtazama usoni, akatazama kichwani, akatazama jedwali. Jedwali lilisema kigoda, miguu mitatu, kimebonyea, miaka arobaini. Kigoda kilikuwepo. Miguu ilikuwa mitatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika katika Maelekezo ya hesabu ile ya vigoda, kifungu cha tatu: kigoda kilichosimama ni mtu hai, kigoda kilichopinduliwa ni marehemu, na karani asiongeze mawazo yake.

Akaweka alama ya tiki.

Akida Mashombo alipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Mia mbili na watatu," alisema. "Kamili. Sijapata kutimiza hesabu namna hii tangu nizaliwe. Haya waume, twendeni."

*

Walitembea siku kumi na moja. Kambi ya Reli ilikuwa tuta jekundu refu lililotoka mahali pasipoonekana likaenda mahali pasipoonekana. Mnyapara wa kambi, mtu wa kovu na miwani, alipokea karatasi, akahesabu vigoda, vikatimia. Aligundua kwamba chini ya kila kigoda kulikuwa na mwanamke, lakini fomu yake haikuwa na nafasi ya kuandika kilichokuwa chini.

"Majina yasomwe yaingizwe," alisema, akafungua kitabu kikubwa cha Reli. Kalamu yake ikasita. "Chilongo mwana wa Ligola, wa Mpingoni. Huyu mbona yumo?"

"Ni mimi," alisema Siwema. "Soma nilivyo."

"Uliingia mwaka wa ishirini na tisa wa enzi." Mnyapara alifuata mstari kwa ukucha. "Umefariki mwaka wa thelathini na moja. Tuta lilikuangukia. Wewe na wengine sita."

Upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi. Siwema hakushusha kigoda.

"Mwezi gani?"

"Hawaandiki mwezi."

"Mbona hatukuambiwa?"

"Kuwaambia watu ni kazi ya Ofisi ya Watu," alisema Mnyapara. "Sisi tungewaambia, ingekuwa tumeingilia."

Siwema alisimama akahesabu kimoyomoyo. Mafuta ya kila mwezi kwa miaka saba, kumpaka mtu aliyekwisha zikwa. Alitegemea kusikia kitu ndani yake kikikatika. Hakusikia. Palikuwa kimya, kama chungu kilichotolewa jikoni zamani.

"Na Matola wa Chilongo? Mwaka wa thelathini na nne."

Mnyapara alifunua, akafunua. "Amehamishiwa ukurasa unaofuata."

"Soma unaofuata."

"Kitabu kimeishia hapa. Kipya hakijaletwa."

Wakaendelea kuitwa. Siku nzima kitabu kilisomwa, na kila mwanamke alisimama akasikia alivyokufa. Homa. Tuta. Homa. Simba. Homa. Hakuandikiwa sababu. Majina mia moja sabini na moja yalikuwa marehemu. Thelathini na mawili yalikuwa ukurasa unaofuata.

Jua lilipoegemea, Siwema alishusha kigoda cha Chilongo. Alikipangusa vumbi kwa khanga. Akakipindua, miguu juu, akakiweka juu ya tuta, mahali popote, kwa kuwa tuta lote lile lilikuwa kaburi. Wanawake mia moja sabini wakafanya vilevile. Hakuna aliyepiga yowe. Tuta likaota miguu mitatu mitatu, mpaka mwisho wa macho.

"Nini hiki?" aliuliza Mnyapara.

Karani Songoro, aliyekuwa amefuatana nao, alifungua Maelekezo yake. "Kifungu cha tatu. Kigoda kilichopinduliwa ni marehemu."

"Watu mia moja na sabini na mmoja wamekufa sasa hivi?"

"Kwa mujibu wa kifungu."

Mnyapara aliwatazama wale wanawake, akavua miwani, akaivaa tena. "Maiti hawaruhusiwi kambini," alisema. "Nina sheria ya usafi. Waondoke."

Hivyo ndivyo walivyorudi nyumbani. Wale thelathini na wawili hawakurudi. Hakuna aliyewazuia kupindua. Wangepindua, wangekwenda zao. Lakini waume zao walikuwa ukurasa unaofuata, na hakuna hata mmoja aliyemgusa mtu wake. Walibaki wakabeba mataruma ya reli miaka miwili. Wakarudi ishirini na tisa.

*

Mjini habari za vifo mia moja sabini na kimoja kwa saa moja, bila ugonjwa, zilivunja Waraka wa Kumi na Nne vipande. Mwenye Daftari alilala kitandani siku nne. Alipoinuka aliamuru Mpingoni ihesabiwe upya, na safari hii Mkuu wa Reli alisimama dirishani kwake tangu asubuhi, akingoja kuona picha.

Picha ilipotundikwa ilikuwa ya ajabu. Kushoto, pengo lilikuwa limerudi, kubwa kuliko la kwanza. Kulia shavu lilikuwa limevimba kama la mtu anayeumwa jino: wanawake wamezidi. Na hasa wasichana wa miaka ishirini na kitu, hawajaolewa, wametokea hawajulikani walikotoka. Mkuu wa Reli alitazama, akafunga dirisha. Mwenye Daftari aliunda Tume ya Wanawake wa Ziada, nayo baada ya miaka mitatu ikatoa ripoti kwamba chanzo ni maji ya Mpingoni. Kisima kikafungwa, kikafunguliwa, Akida akapewa nishani ya pili.

Lakini nimeruka jambo, na ndilo nililokuwa nalo tangu mwanzo.

Karani Songoro alipokuja kuhesabu upya, nyumba ya kwanza ilikuwa ya Siwema. Ukutani palikuwa na vigoda vitatu. Mahali pa Chilongo palikuwa na alama tatu ndogo sakafuni, na udongo mpya wa kupigia sakafu ulikuwa umezizunguka bila kuzifunika.

"Shikamoo bibi. Hamjambo, Mama Matola?"

"Hatujambo."

Aliangalia. Cha bibi, miguu minne. Cha Siwema, miguu minne. Cha tatu kilikuwa na alama za patasi ambazo hakuna aliyezikalia kiasi cha kuzilainisha, na kilikuwa na miguu minne. Mitatu ilikuwa myeusi ya mpingo. Wa nne ulikuwa mweupe, wa mpera, umechongwa juzi.

Karani alikigusa kwa ncha ya kidole. Kikayumba. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi, hata ukikiweka juu ya mawe. Ni kile cha minne ndicho kinachotafuta sakafu.

"Hiki kinachechemea," alisema.

"Kigeni," alisema Bibi Nanjota. "Kitazoea."

"Cha nani?"

Siwema alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelegea ubavuni. "Cha Matola," alisema.

"Matola ni jina la kike?"

"Hesabu miguu, baba," alisema Bibi Nanjota.

Kwa mbali punda wa Karani alikuwa akilia. Mwenyewe alichovya kalamu, akaandika pole pole, kwa mwandiko ambao mjini waliusifu: mke, miaka ishirini na miwili, hajaolewa. Akapuliza wino. Halafu, kwa kuwa kifungu cha tatu kilimkataza kuongeza mawazo yake, aliuliza swali tu.

"Gundi mmetumia gani?"

"Hatukutia," alisema Siwema. "Umechomekwa tu. Mtu akiuvuta mara moja, unatoka."

Karani Songoro aliitikia kwa kichwa, akafunga jedwali. Siwema akaenda mtungini akamletea maji, naye akanywa mpaka kata ikaisha.